Kofia Nyekundu Haiko Mlangoni

"Fungua! Nani huko? Fungua!"

Sauti ya mwanamke tuliyoiacha wiki iliyopita nyuma ya mlango wa chuma bado inaita. Na binti aliyeufunga mlango huo bado amesimama palepale, kiganja kwenye kitasa, utadhani kapakwa gundi.

Kwa aliyepangusia vioo gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo yako hivi.

Binti huyu nyumbani wanamwita Jaji, maana hukumu zake hazina rufaa. Ana miaka kumi na sita. Baba yake ni fundi majokofu, mgane tangu mwaka juzi, mkewe alipofariki wiki ya Krismasi. Tangu siku hiyo mti wao wa plastiki haujatoka kwenye boksi chini ya kitanda.

Mwaka huu baba katangaza, kwa sauti ndogo, macho kwenye sahani, kwamba kesho chakula cha mchana watakula na mgeni. Mgeni mwenyewe ni Mama Aiskrimu, mjane mwenzake, mwenye karakana ya kutengeneza aiskrimu nyuma ya barabara kuu. Mezani kwao kuna viti vinne, na wao ni watatu. Jaji hakuhitaji kalamu kujua yule mama atakalia cha nani. Akavaa viatu, akaja mchana huu kumwambia maneno mawili tu: usije kesho.

Alikuta duka la mbele ya karakana wazi, taa za Krismasi zinametameta dirishani, redio inaimba peke yake. Mtu hakuna. Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa nusu wazi, moshi wa baridi unatambaa sakafuni.

Sasa, watoto wa fundi majokofu hawalelewi kama watoto wa watu wengine. Hawa walifundishwa sheria kabla ya kufundishwa kuhesabu. Anayeingia chumba cha baridi hutundika kofia kwenye kitasa cha nje. Kofia mlangoni, mtu ndani: usiguse. Mlango wazi na kofia hakuna: sukuma, funga, washa mashine. Hata chooni kwao hutundika kofia. Wageni hucheka mara ya kwanza, mara ya pili wanakuja na kofia zao.

Jaji aliangalia kitasa. Kofia nyekundu ya sufi ya baba, ile aliyoifuma marehemu mama yao kwa mkono wake, haikuwapo. Akasukuma. Akafunga. Akawasha. Feni zikanguruma kama ndege inayotaka kuruka na paa.

Ndipo yule mama akaita kutoka ndani.

Mtu akikuambia yeye angefungua papo hapo, muulize kama amewahi kuona kiti cha mama yake kikifutwa vumbi kwa ajili ya mgeni. Jaji hakufungua. Akae kidogo, moyo ulimwambia. Apoe.

Ilikuwa pumzi moja tu. Lakini pumzi hiyo ataikumbuka akiwa bibi kizee.

Kwa sababu sauti ya pili haikutoka mlangoni. Ilitoka chini, miguuni pake, kwenye bomba linalotoa maji ya barafu kutoka ndani hadi kwenye mfereji.

Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Damu ilimshuka mpaka kwenye soksi.

Mama yao alipokuwa kitandani, sauti imemwishia, aligonga ukuta hivyo. Mbili, kimya, moja. Maana yake: niko hapa. Na baba kutoka jikoni, sufuria mkononi, alijibu vilevile. Watu wa nyumba ile walikuwa wanne na kugonga huko kulijulikana kwa hao wanne tu. Mmoja amezikwa.

"Baba!"

Alivuta kitasa kwa nguvu zake zote. Tak! Kitu kilikatika ndani ya chuma, na mkono wa kitasa ukazunguka mzimamzima, mwepesi, kama usukani wa gari la kuchezea. Akauzungusha tena. Ulimi wa kitasa haukutikisika.

Akarukia swichi kuu, akaishusha. Feni zikafa. Redio ikafa katikati ya wimbo. Taa za Krismasi dirishani zikafa. Akapiga magoti, akang'oa kiungo cha bomba, akaweka mdomo pale maji yanapotokea.

"Baba! Ni mimi!"

"Jaji?" Sauti ilikuwa ya mtu aliye kisimani. "Umefikaje huku, mwanangu? Fungua mlango basi."

"Haufunguki! Kitasa kinazunguka tu!"

Yule mama akasikika, lakini hakuwa anasema na Jaji.

"Unaona? Tangu lini nakuambia kitasa hiki kibovu?"

"Na leo nimekuja kufanya nini? Kusalimia?"

"Ndiyo!"

Na hapo yule mama hakukosea. Fundi huyu, mashine ya mtu yeyote huimaliza siku hiyohiyo. Lakini tangu aanze kazi kwenye karakana hii, ugonjwa wa kutomaliza ulimwingia mifupani. Bomba la sinki alilikaza nusu. Kitasa alikipaka mafuta akasema atarudi. Jokofu kuukuu lililotupwa uani aliahidi kuling'oa mlango, maana ndiyo sheria ya kazi yao, jokofu halitupwi na mlango wake. Akasema kesho, na kesho ilipofika akasema kesho. Kazi ikiisha atarudi kwa kisingizio gani? Mtaa mzima ulijua, isipokuwa wao wawili. Hata leo yule mama aliingia humo kumshikia tochi, ndani ya chumba chenye taa.

"Baba, kofia!" Jaji alilia ndani ya bomba. "Kwa nini hukuweka kofia?"

"Niliiweka."

"Haipo!"

"Jaji, nimeitundika kwa mkono wangu huu. Nani kafunga mlango?"

"Mimi."

Kisha baba akasema, taratibu, "Basi umefanya nilivyokufundisha." Na heri angemtukana.

"Lakini baba, kama uliiweka, nani kaitoa?"

"Tone yupo hapo. Muulize, labda kaona mtu."

"Tone?"

"Nimekuja naye. Nimemwacha kwenye benchi na koni yake."

Jaji aligeuka. Tone ni mdogo wake, kitinda mimba, ana miaka sita na meno ya mbele yapo likizo. Huyo ndiye anayempenda Mama Aiskrimu waziwazi bila haya. Asubuhi ya leo Jaji alimshika sikio. "Nikikukuta tena kwa yule mama," alimwambia, "utanitambua."

Benchi lilikuwa pale dirishani. Koni ilikuwa pale, imelala ubavu, aiskrimu imeyeyuka hadi sakafuni.

Tone hakuwapo.

"Yupo?" baba aliuliza.

Mtu kafungiwa kwenye barafu na wewe ndiye uliyemfungia. Utamwambia na mtoto haonekani?

"Yupo," alisema Jaji. "Nimemtuma akaite watu."

"Vizuri. Ana akili yule."

Jaji alitoa simu, akapiga namba ya dharura. Ikapokelewa na mashine. "Tunakutakia Krismasi njema. Tafadhali subiri, mhudumu atazungumza nawe hivi punde." Kisha kengele za Krismasi, kilingi kilingi. Akaiweka sakafuni, sauti juu, akakimbilia mlango wa mbele.

"Saidieni! Jamani!"

Barabara ilikuwa kama imefagiwa. Maduka yote yamefungwa, kila mtu kwao anapamba. Hata mbwa hakuna.

Akarudi ndani. Na hapo ndipo aliposikia.

Kwang'ara!

Vyuma, uani, nyuma ya karakana. Kama mtu ameangusha kitu, au amekitupa. Kisha kishindo kizito, laini, cha kitu kinachofungwa. Pu.

Halafu kimya.

Nywele zilimsimama Jaji mojamoja. Kofia haina miguu. Baba kaitundika, kofia haipo, basi mkono wa mtu umeitoa. Mtu alitaka mlango ule ufungwe, naye yupo uani sasa hivi. Na Tone yuko wapi? Je, yupo naye?

"Nani hapo?" aliita. Sauti ilitoka kama ya panya.

Mlango wa uani ulikuwa hatua chache tu. Akautazama. Hakuusogelea.

"Jaji!" Bomba liliita. "Upo?"

"Nipo!"

"Sikiliza. Chuma cha pembe nne kinachopita katikati ya kitasa, ndicho kilichokatika, nacho hutolewa kwa nje tu. Ng'oa mkono wa nje, toa kipande kilichobaki, ingiza kingine, zungusha. Basi."

"Kingine nitakitoa wapi? Begi lako liko wapi?"

"Ninalo huku."

"Baba!"

"Mlango wowote wenye kitasa, mwanangu. Fikiri. Mimi vidole vimeanza kunikataa."

Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili: nyuma ya mlango mmoja baba anaganda, nyuma ya mwingine kuna asiyemjua. Jaji alichagua. Akasukuma meza mpaka kwenye mlango wa uani, akauziba kabisa, mtu asiweze kuingia. Kumbuka meza hiyo, msomaji.

Mlango wa choo! Kitasa chake kilikuwa cha kawaida, na vitasa vyote kwa ndani ni ndugu. Bisibisi hakuna, lakini palikuwa na kisu butu cha kupakia krimu, ncha yake bapa. Akaichomeka kwenye skrubu ya kwanza. Ikateleza. Akaichomeka tena.

Nyuma yake simu ilikuwa inaimba kengele. Na bomba, kwa kuwa sasa lilikuwa wazi, lilileta kila neno la mle ndani bila kubisha hodi.

"Usikae chini."

"Nakaa kidogo tu."

"Ukikaa nakuacha. Namchukua yule fundi mwenye gari."

"Yule?" Baba alijaribu kucheka, meno yakagongana. "Yule anaunga gesi kwa mate."

"Basi simama unionyeshe wewe unaunga kwa nini. Na huku kugonga bomba, mbili, kimya, moja, ni ufundi gani?"

"Ni wa nyumbani. Maana yake niko hapa."

"Nifundishe."

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa na kutu. Jaji aliibana, akaegemea kwa uzito wote, kisu kikamchana kidole, asihisi.

"Unanivisha nini tena?" baba alikuwa anasema, maneno yanaburura miguu. "Hilo ni sweta lako."

"Limenibana siku zote. Vaa."

"Na wewe?"

"Mimi nina mwili, nyie mafundi ni mifupa na spana. Vaa nimekwambia, usinitie hasira kesho Krismasi."

Skrubu ya pili ilitoka. Jaji akavuta chuma cha pembe nne kutoka mlango wa choo, akakimbilia mlango wa barafu. Akaanza kuufungua mkono wa kitasa kile kikubwa. Chuma kilikuwa cha baridi hata kwa nje, ngozi inakishikilia.

Ndipo baba yake aliposema kitu kilichomfanya aache kufanya kazi.

"Mama Jaji."

Ilikuwa sauti ya usingizini. Sauti ya zamani.

"Mama Jaji, funga dirisha. Watoto watapata baridi."

Jaji aliziba mdomo. Baba anamwita marehemu. Na mtu anayemwita marehemu, huwa anamfuata. Kisha likamjia jambo jingine: yule mama naye amesikia. Mwanamke gani, amevua sweta lake kwenye barafu kwa ajili ya mwanamume, kisha anaitwa jina la mke wa kwanza, asiseme mimi siye?

"Nimelifunga, Baba Jaji," ilijibu sauti ya Mama Aiskrimu, laini, bila kutikisika. "Watoto nimewafunika. Wewe usilale tu kabla yangu."

"Jaji amekula?"

"Amekula."

"Amenuna?"

"Kidogo. Ana haki yake."

Machozi yalimtoka Jaji yakafika kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Skrubu ikamdondoka, ikabingirika chini ya kabati la koni. Iache ibingirike! Akang'oa mkono wa kitasa mzima, akachokoa kipande kilichokatika kwa ncha ya kisu, kikatoka kama jino bovu. Akaingiza chuma cha choo.

Kikaingia. Kikacheza. Kilikuwa chembamba.

"Binti." Yule mama alikuwa kwenye bomba sasa, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Uko hapo?"

"Nipo."

"Sitaki kukutisha. Baba yako amenyamaza. Nimemshika, lakini amenyamaza."

"Na wewe?" aliuliza Jaji, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kumuuliza hali.

"Mimi naongea. Mwanamke akiongea bado yupo. Kazi imefika wapi?"

"Chuma ni chembamba, hakishiki!"

"Kabatini juu, karatasi za fedha za kufungia aiskrimu. Kizungushie. Nyingi. Nene."

Jaji alirarua boksi zima. Akazungushia chuma karatasi mpaka kikanenepa, akakigonga ndani kwa kisigino cha kiatu, akakibana kwa mkono wa kitasa, akashika kwa mikono miwili, akazungusha.

Karatasi zikalia. Chuma kikauma. Ulimi wa kitasa ukarudi nyuma kwa sauti tamu kuliko kengele zote zilizokuwa zikiimba kwenye simu, na mlango ukafunguka.

Baridi iliyotoka humo ingeweza kugandisha uongo mdomoni mwa mwongo. Alitoka kwanza yule mama, kinyumenyume, ameinama, anamburura fundi kwa makwapa. Sweta lake, kilemba chake, aproni yake, vyote vilikuwa juu ya baba. Yeye alibaki na blauzi nyepesi, nyusi zake nyeupe kwa barafu.

"Juani," alisema. "Uani kuna jua. Tumtoe juani."

Wakamburura. Wakafika kwenye mlango wa uani.

"Meza hii nani kaiweka hapa?"

"Mimi. Kuna mtu uani. Mwizi. Ndiye aliyetoa kofia."

Yule mama alimtazama, kisha akaisukuma meza kwa nyonga. Mlango ukafunguka. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo, makreti, jokofu kuukuu kule ukutani kwenye kivuli, na jua jeupe la mchana. Wakamlaza fundi juani. Jaji akamsugua mikono, akamsugua mashavu, akamwita Baba, Baba, Baba, mpaka kope zikacheza.

"Nani kazima feni," alinong'ona fundi. "Aiskrimu za watu zitayeyuka."

Jaji alicheka na kulia pamoja, mdomo haujui ufuate lipi. Angeweza kumaliza siku hapo. Angeweza kumshika yule mama mkono na kusema lile ambalo lilikuwa limemjaa kooni. Alikuwa ameshaanza. "Mama..." alisema, na hajawahi kumwita hivyo.

Lakini yule mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia huku na huku, taya linatetemeka.

"Tone amerudi?" aliuliza. "Hao watu alioenda kuwaita, wako wapi?"

Jaji aliendelea kusugua mikono ya baba.

"Binti. Tone yuko wapi?"

"Sikumtuma." Sauti ilimtoka kipande kipande. "Nilidanganya, Baba asije akaogopa. Sijamwona kabisa. Nilipofika koni ilikuwa benchini, yeye hayupo."

Fundi aliinua kichwa.

"Benchi la dirishani," alisema yule mama taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Anayekaa pale anaona barabara yote. Anaona anayekuja."

"Aliniona," alisema Jaji. "Aliniona nakuja. Nilimwambia asubuhi nikimkuta hapa atanitambua."

Mtoto wa miaka sita, anamwona dada mkali barabarani. Anataka kujificha mahali ambapo hakuna mtu atakayegusa. Na katika nyumba yao kuna njia moja tu ya kufanya mlango usiguswe na mtu. Tone aliijua kabla ya kujua kuhesabu.

Jaji aliangalia chini.

Kwenye sakafu ya ua, zimetupwa hovyo, zilikuwepo rafu za waya. Rafu za jokofu. Mtu alizitoa ili apate nafasi ya kuingia. Kwang'ara, zilivyolia. Na baada yake, pu.

Akainua macho polepole, kwa sababu alikuwa ameshajua.

Kule ukutani kwenye kivuli, jokofu ambalo fundi aliahidi kuling'oa mlango kesho, na kesho, na kesho, lilikuwa limefungwa kabisa, la aina isiyofunguka kwa ndani, kimya kama boksi. Na kwenye kitasa chake, imetundikwa vizuri, imenyooshwa na mikono midogo, ilining'inia kofia nyekundu ya sufi.

Kofia mlangoni, mtu ndani.

Fundi alijaribu kusimama, miguu ikamwangusha. Yule mama aliinuka, akapepesuka, akashika ukuta. Na kutoka ndani ya jokofu, kwa kidole kisicho na nguvu, ikaja.

Ngo, ngo.

Kimya.

Wote watatu walijua kinachofuata, hata yule mama, wa tano, aliyefundishwa leo gizani. Jaji alikuwa ameshaanza kukimbia. Alifika, akakamata kitasa juu ya kofia kwa mikono miwili, na ile moja ya mwisho ilikuwa bado haijagongwa.